Kabla ya Mbegu: Udongo, Maji na Ujirani katika Bustani za Lubumbashi

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vyama vya wakulima wa bustani na kamati za amani za mitaa, Lubumbashi

 

Vyama vya bustani vilituomba tuzungumze juu ya kanuni za kulima matunda, mboga na nafaka. Kamati za amani nazo zilituomba tuzungumze juu ya ugomvi. Tulipokaa kutayarisha tuliona kwamba hayo ni mazungumzo mamoja. Katika miaka tuliyofanya kazi na vikundi vya bustani pembezoni mwa mji huu, karibu kila ugomvi tulioitwa kuusuluhisha ulianza na jambo la kilimo ambalo watu hawakulipanga mapema. Ardhi hii ni ya nani? Udongo wake ukoje? Maji yatatosha matuta mangapi? Mti huu umepandwa na nani? Mbegu ikishaingia ardhini, kila mtu ana kitu cha kupoteza, na kusikilizana kunakuwa kugumu. Kwa hiyo leo tutakaa zaidi juu ya mambo ya kabla ya mbegu.

Tuanze na udongo. Vitabu vya kilimo husema: chagua mahali penye jua, karibu na maji, pasipo na mteremko mkali. Ni kweli. Lakini hapa Lubumbashi kuna swali linalotangulia hayo yote: moshi ulikuwa unapita wapi? Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière kilianza kazi 1911. Kwa miaka mingi bomba lake refu lilitoa moshi, na upepo wetu wa kiangazi, unaovuma kutoka kusini-mashariki, uliupeleka upande wa kaskazini-magharibi. Ndani ya moshi ule mlikuwa na vumbi la shaba, zinki, risasi, kadimi na arseniki. Vumbi hilo lilishuka juu ya udongo na limebaki pale, kwa sababu madini hayaozi kama majani. Ndiyo maana kule Penga Penga kuna sehemu ambazo miti haikurudi. Pamebaki udongo mtupu na nyasi chache zinazovumilia shaba.

Sisi wenyewe tuliteleza hapo. Wakati fulani tulipewa ardhi bila malipo upande huo, kwa ajili ya familia zilizokimbia vita kule Mitwaba na Pweto. Tulifurahi sana. Tulipima matuta, tukagawa mbegu, mama wakaanza kumwagilia. Siku moja mzee mmoja mpita njia alisimama, akatazama pande zote, akauliza: «Mbona hapa hamna kichaka hata kimoja?» Hatukuwa na jibu. Tulipeleka udongo ukapimwe, na majibu yalisema kwamba mboga za kuliwa zisilimwe mahali pale. Ikabidi turudi kuwaambia watu waache. Walitukasirikia, na walikuwa na haki. Mama mmoja alikuwa na lengalenga iliyokwisha kuota vizuri. Alituuliza: «Mnasema mtoto asile hii. Basi leo ale nini?» Siku ile hatukuwa na la kumwambia. Ardhi nyingine tuliipata msimu uliofuata tu.

Kwa hiyo tunawaambia wazi tunayoyajua leo. Mboga za majani, kama lengalenga, spinachi na kabichi ya Kichina, huvuta kadimi na madini mengine kutoka ardhini na kuyaweka katika majani, yaani katika sehemu ile ile tunayokula. Matunda kama nyanya, au tomati kama tunavyosema hapa, na punje za mahindi, kwa kawaida hubeba kidogo zaidi. Kuosha mboga kwa maji safi kunaondoa vumbi lililokaa juu ya jani, na ni lazima kufanya hivyo, lakini hakuondoi madini yaliyokwisha kuingia ndani. Chokaa na mbolea nyingi ya samadi hupunguza shaba inayopanda katika mmea. Kadimi ni mkaidi zaidi. Na maji ya mto unaopokea maji machafu ya migodi hurudisha tatizo hata kama udongo wako ulikuwa mzuri. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakaaji wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi au viwanda vya madini walikutwa na kobalti na madini mengine kwa wingi mkubwa kuliko wenzao wa mbali. Madini hayo huingia mwilini kwa njia nyingi, na chakula ni mojawapo.

Kuna wakulima waliotuomba tusiseme mambo haya hadharani. Wanasema tutaua soko. Tunaelewa hofu yao, maana mama anayelipa masomo ya watoto kwa kuuza mafungu ya lengalenga hana akiba ya kungoja mwaka mzima. Lakini hatukubaliani nao, na sababu yetu ni ya amani kuliko ya kilimo. Watu wasipoambiwa ukweli, uvumi huchukua nafasi yake, na uvumi hapa kwetu una tabia ya kutafuta kabila. Tulikwisha kusikia sokoni: usinunue kwa watu wa fulani, mboga zao ni sumu. Wazee walioko hapa wanakumbuka 1992 na 1993, jinsi jirani alivyoitwa mdudu kabla ya kufukuzwa nyumbani kwake, na jinsi familia zenye asili ya Kasai zilivyolala kwenye vituo vya treni kule Likasi na Kolwezi zikingoja kuondoka. Hatusemi kwamba fungu la mboga litaturudisha kule. Tunasema kwamba mahali penye kadimi pana kadimi bila kujali aliyepalima ni Mluba wa Kasai, Mluba wa Katanga, Mbemba au Msanga. Mnunuzi na aulize, «Mboga hizi zimelimwa wapi?», na mwuzaji awe na jibu lisilomwaibisha. Vyama viwili tunavyovijua vimeanza kutaja mahali bustani ilipo kila vinapouza, na wateja wao hawakupungua.

Na wale ambao hawana ardhi nyingine? Kwao tunashauri waache majani kwanza, wapande miti ya kuni na ya makala, au maua ya kuuza, huku chama kikitafuta ardhi upande mwingine wa mji. Ni ushauri mgumu, maana mti hauliwi wiki ijayo. Hatuna ulio mwepesi zaidi.

Sasa tuseme umepata ardhi safi. Udongo wetu mwekundu, hata ule ambao haukuguswa na moshi, ni mchachu na una njaa ya fosforasi. Mvua zetu za Novemba hadi Machi ni nyingi, nazo huosha chumvichumvi zilizo nzuri kwa mimea na kuzipeleka chini, mbali na mizizi. Mkulima anayelima mahindi juu ya mahindi miaka mitano atavuna magunzi. Wazee wetu walijua dawa moja: kichuguu. Vile vichuguu vikubwa vinavyosimama kama nyumba kuzunguka Lubumbashi vimejengwa na mchwa waliopandisha udongo wa chini, wenye mfinyanzi mwingi na kalisi nyingi, usio mchachu. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamevipima na kukuta hivyo hivyo. Udongo wa kichuguu uliopondwa na kutawanywa juu ya shamba la mchanga husaidia kweli. Lakini wanaofyatua matofali nao wanavitaka, na kichuguu kikiisha hakirudi katika maisha ya mtu. Kwa hiyo andikeni mapema: kichuguu hiki ni cha nani, na kila mmoja atachukua mikokoteni mingapi.

Chokaa hufanya kazi hiyo hiyo ya kupunguza uchachu, nayo inachimbwa karibu, kule Kakontwe upande wa Likasi. Iwekwe wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo. Samadi ya kuku ni kali. Iache ioze mpaka ipoe na isitoe harufu ya kuchoma pua, ama sivyo itaunguza miche yako. Halafu badilisha mazao. Baada ya mahindi weka maharage, soya au karanga, kwa sababu mizizi ya jamii hiyo hukamata naitrojeni kutoka hewani na kuiacha ardhini. Baada ya nyanya usiweke biringanya, pilipili wala viazi ulaya. Hao wote ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja hungoja ardhini umpate ndugu yake.

Tuje kwenye maji. Bustani moja tunayoifanyia kazi iko bondeni, kando ya kijito. Wanachama ni 40. Walipoanza, kila mmoja alikuwa na matuta 4 ya mita 1 kwa mita 10. Mwezi wa Juni, wakati wa baridi, maji yalikuwa mengi na kila mtu alifurahi. Kwa sababu kabeji zilikuwa zinauzika vizuri, kila mmoja akaongeza matuta kimya kimya: 5, halafu 6. Septemba ikafika. Jua likawa kali, kijito kikapungua. Watu wa juu walijenga kizuizi cha mawe na mifuko ya mchanga. Asubuhi moja mama wa chini walikuta mfereji mkavu na kabeji zao zimelala. Ndoo ilirushwa, mtu akajeruhiwa kichwani, na kabla ya saa sita maneno ya kabila yalikuwa yamekwisha kutoka. Kwa bahati mbaya wengi wa juu walikuwa wa asili moja na wengi wa chini walikuwa wa asili nyingine. Tulipoitwa tuliambiwa kwamba ni vita vya makabila.

Tulikaa siku mbili tukisikiliza. Siku ya tatu tulifanya hesabu pamoja nao, kwa kijiti juu ya mchanga. Mboga wakati wa Septemba na Oktoba hutaka karibu lita 5 kwa kila mita 1 ya mraba kwa siku. Tuta la mita 10 za mraba hutaka lita 50, ni kusema ndoo 5 za lita 10. Matuta 160 ya mwanzo yalihitaji lita 8,000 kila siku. Matuta 240 yalihitaji lita 12,000. Tukaenda kupima kijito kwa ndoo na saa ya mkononi: inajaa kwa muda gani? Maji hayakutosha hata matuta ya mwanzo. Wote walinyamaza. Hata kama watu wa juu wangekuwa malaika, kabeji za mtu fulani zingekufa.

Makubaliano waliyofikia hayana lugha ya kupendeza, lakini yanafanya kazi. Kabeji hupandikizwa Mei na mapema Juni ili zitoke mwishoni mwa Agosti, maana hukaa shambani karibu miezi mitatu. Kuanzia Septemba kila mwanachama hubaki na matuta 2 tu, ya lengalenga, ambayo huanza kuvunwa baada ya wiki nne hivi. Matuta yote hufunikwa kwa nyasi kavu, na hilo peke yake limepunguza sana safari za ndoo. Kumwagilia ni alfajiri na jioni, si saa sita. Watu wa chini humwagilia kwanza siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kizuizi kinabaki, lakini kina tundu ambalo halizibwi, na anayelishika zamu wiki hii hutoka upande wa chini. Mwaka wa kwanza walivunja kanuni mara mbili. Walikaa, wakatozana faini ya siku moja ya kusafisha mfereji. Mtu aliyerusha ndoo yule bado ni mwanachama, na bado ana sauti kubwa.

Juu ya nafaka tutasema kwa ufupi zaidi, ingawa bukari ndiyo inayotushibisha. Mji huu hula mahindi mengi kuliko yanayolimwa kuuzunguka, na unga mwingi hupitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Mlijionea wenyewe 2024: Zambia ilipata ukame, mwezi wa Februari serikali yake ikatangaza janga la taifa, na unga hapa ukapanda bei. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mpaka ulifungwa kwa siku chache kwa sababu ya mabishano ya biashara. Bei ya unga ikipanda, lawama huanza kutafuta mtu wa kubebeshwa. Mara ni mfanyabiashara, mara ni mgeni aliyeshuka kwenye treni. Shamba la mahindi la familia haliwezi kulisha mji, lakini linaweza kuifanya familia isikae sokoni ikiwa na hasira.

Mahindi hupandwa mvua ikishakaa, katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Anayechelewa hadi Januari huvuna kidogo. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mimea, punje moja kila shimo. Palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu. Mbolea ya urea, kama unayo, iwekwe mahindi yakifika magotini, ardhi ikiwa na unyevu, na ifunikwe kwa udongo. Lakini tunalotaka msisahau ni hili: majirani wapande kwa wakati mmoja. Kiwavijeshi cha Marekani, kilichoonekana Afrika mara ya kwanza 2016, hupenda mahindi machanga. Ukipanda leo, jirani yako akapanda baada ya mwezi, kipepeo atatoka kwako na kwenda kutaga kwake. Atakulaumu wewe, na hatakuwa amekosea sana. Kagueni moyo wa mmea mara mbili kwa wiki mkiwa pamoja, shamba hadi shamba, mponde mayai na viwavi kwa vidole. Ni kazi ya kuchosha, na inafaa kufanywa kwa maongezi.

La mwisho ni miti ya matunda, na hili limetuletea kesi ngumu kuliko zote. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi ni mali ya Leta. Shefu wa kijiji naye husema ni ya mababu. Mwenye karatasi ya mgodi husema ni yake. Katikati ya hao watatu kuna mama aliyeazimwa kipande kwa maneno ya mdomo. Mama huyo akipanda lengalenga, hakuna anayeshtuka. Akipanda mwembe au mwavoka, mwenye ardhi huja usiku huo huo, kwa sababu kila mtu anajua kwamba anayepanda mti anasema, «Nitabaki hapa.» Tumeona miche 30 ya machungwa iking'olewa kwa usiku mmoja. Aliyeipanda hakuwa na nia ya kunyang'anya. Alikuwa amesikia kwetu kwamba matunda ni mazuri kwa watoto, nasi hatukumwambia aombe ruhusa kwanza.

Kwa hiyo mti upandwe baada ya karatasi. Karatasi iseme ardhi imeazimwa miaka mingapi, mti ni wa nani, matunda ni ya nani, na mkopaji akiondoka atalipwa nini. Shefu atie sahihi, na mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande. Baada ya hapo ndipo shimo: sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na urudishwe wa kwanza. Mwembe kwa mwembe mita 8 hadi 10, na usiwe karibu na ukuta wa parseli ya jirani, maana kivuli na mizizi havijui mpaka. Maembe yakianguka, msiyaache chini. Nzi wa matunda wa kutoka Asia, aliyeonekana Kenya 2003 na kusambaa haraka, hutaga ndani ya tunda, na funza wake huingia ardhini na kutoka wakiwa nzi wapya. Yaliyooza yafukiwe kina cha sentimita 50. Parseli moja chafu hulisha nzi wa mtaa mzima, na huo nao ni mwanzo wa maneno.

Tumesema mengi, na jua linapanda. Tumeleta ndoo mbili za lita 10 na saa. Tuteremke sasa mpaka kwenye kijito chenu, tupime kinatoa lita ngapi, halafu kila chama kituambie kina matuta mangapi, kwa idadi ya kweli, pamoja na yale yaliyo nyuma ya migomba.